Sitini au Tisini?

Nimekuwa kimya kwa muda, na wanaonifahamu wanajua kwamba nikinyamaza hivi, ama kazi imenizidi ama nimeingia shimoni. Mara hii ni shimoni kwelikweli. Leo naomba tuweke kando mambo ya seva na simu, niwasimulie habari ya pango, programu yangu na kosa moja lililonifedhehesha. Msikimbie, tarakilishi imo ndani.

Kila Jumatatu nikifika kazini na vumbi jeusi kwenye kucha, wenzangu huniuliza swali lile lile: mtu anayeandika programu anatafuta nini pangoni? Huwa nawajibu kwamba nafanya mazoezi ya viungo. Huo ni uongo mtupu. Ukweli ni kwamba nafuata mazungumzo. Sijapata mahali pengine ambapo watu wazima saba, kila mmoja na kazi yake na kabila lake, wanaweza kukaa juu ya mawe saa mbili nzima wakibishana kuhusu betri.

Kikundi chetu hakina jina wala katiba. Tuna mwalimu wa hisabati, daktari wa mifugo, fundi wa simu, mwanafunzi wa jiolojia, dereva wa lori, mimi, na Mzee. Mzee ni mtu wa Kilifi, mstaafu, ambaye ujana wake wote alikuwa opereta wa simu, enzi zile ambapo ukitaka kupiga simu ya mbali unamwomba mtu akuunganishie kwa mkono. Siku hizi hapiti tena penye njia nyembamba. Hukaa mlangoni na chupa ya chai na saa yake, maana sharti letu la kwanza ni kwamba lazima mtu wa nje ajue tumeingia saa ngapi na tutatoka saa ngapi. Saa ikipita, yeye ndiye atakayepiga simu ya kuomba msaada. Sharti la pili ni taa tatu kwa kila mtu: moja kichwani, moja mfukoni, na moja ya kuzika wasiwasi.

Mapango tunayoyapenda zaidi ni ya Mlima Suswa, ule unaouona upande wa kushoto ukitoka Mai Mahiu kwenda Narok. Suswa ni volkano. Zamani zaji ilipotiririka, sehemu ya juu ilipoa na kuwa ngumu kama gome la mkate, huku ya ndani ikiendelea kwenda mbio. Chanzo kilipokauka, ile ya ndani ilimwagika yote ikaacha bomba tupu. Kisha dari likaporomoka hapa na pale, ndiyo milango tunayoingilia leo. Kuna bomba moja ambalo nyani hulala humo usiku, na vijana wa Kimaasai wanaotuongoza huliita bunge la nyani. Utani unaofuata hapo sitauandika, mnaweza kuukisia wenyewe.

Basi tukitoka pangoni, porojo ndipo huanza. Dereva atasema viatu vya mpira vya sokoni vinashika jiwe kuliko buti la maelfu. Daktari wa mifugo atakataa. Fundi wa simu atatoa tochi aliyoiunda mwenyewe, na mwalimu atauliza itadumu saa ngapi, na hapo hesabu za miliampea zitapigwa mpaka chai ipoe. Mtu atataja Chyulu, kwenye bomba la zaji liitwalo Leviathan lenye zaidi ya kilomita 11, na mwingine atasema hiyo ni kitoto mbele ya Kazumura ya Hawaii yenye zaidi ya kilomita 65. Halafu tutarudi Mlima Elgon, kwenye pango la Kitum, ambamo ndovu huingia gizani usiku wakipapasa njia kwa mikonga na kuchokoa chumvi ukutani kwa pembe. Hapo daktari hubadilisha sauti. Hutukumbusha kwamba mwaka 1980 na tena mwaka 1987, watu wawili waliokuwa wamezuru Kitum waliugua homa ya Marburg wakafa, na kwamba mavi ya popo si kitu cha kuchezea. Ndiyo maana sisi huvaa barakoa penye popo, na hakuna anayecheka.

Nilikuwa nikiyaona haya yote kama burudani tu, sukari ya kuteremshia safari. Kazi halisi, nilidhani, ni ile ninayoifanya mimi nikirudi nyumbani mbele ya kioo cha kompyuta: kuchora ramani.

Wacha niwaeleze ramani ya pango inavyotengenezwa, kwa sababu kosa lenyewe limejificha humo. Chini ya ardhi hakuna setilaiti inayokuona, kwa hiyo simu yako haijui uko wapi. Mnaweka kituo cha kwanza mlangoni. Mtu wa mbele anakwenda mpaka pale anapoonekana kwa mara ya mwisho, na hapo panakuwa kituo cha pili. Kati ya vituo hivyo mnapima vitu vitatu: umbali kwa utepe, upande kwa dira, na mteremko kwa kipimo chake. Anayepima anatamka namba, na mwandishi anaziandika kwenye daftari. Kisha mnasogea. Vipande vinaungana kimoja baada ya kingine kama mnyororo.

Nyumbani, kila kipande kinageuzwa kwa sini na kosini ya darasani: umekwenda kaskazini kiasi gani, mashariki kiasi gani, umeshuka kiasi gani. Unajumlisha, na pango linaanza kujichora. Ziko programu huru na nzuri za kazi hii, kama Survex na Therion, na ipo TopoDroid ya kwenye simu. Wenye fedha wana kifaa cha leza kinachopima vyote vitatu kwa kubofya mara moja. Sisi tulikuwa na utepe wa fundi ujenzi na dira ya mkononi. Nami, kama mjuavyo ugonjwa wetu waandishi wa programu, badala ya kutumia kilichopo niliamua kuandika changu.

Wala sikuwa wa kwanza kuugua ugonjwa huu. Pengine mnalijua jina la Will Crowther. Huyu ni mmoja wa watu walioandika programu za mashine za kwanza za kuunganisha mtandao wa ARPANET, uliozaliwa mwaka 1969 na kuja kuwa babu wa intaneti tunayoitumia. Kwake nyumbani, yeye na mkewe Patricia, ambaye naye alikuwa mwandishi wa programu, walikuwa watu wa mapango. Walikuwa wakirudi kutoka Kentucky na madaftari yaliyojaa matope, wanazipiga chapa namba zao kwenye mashine iliyounganishwa na kompyuta ya kazini, na kompyuta inawachorea ramani. Hiyo ni miaka ya mwanzo ya 1970, jamani!

Patricia alikuwa kwenye kikosi cha watu sita kilichofanya jambo kubwa tarehe 9 Septemba 1972. Kwa miaka mingi watu walikuwa wakishuku kwamba mapango ya Flint Ridge na pango la Mammoth ni kitu kimoja, lakini njia ilikuwa haijapatikana. Siku chache kabla, katika njia ya maji ya mbali upande wa Flint Ridge, walikuta maandishi ukutani, "Pete H", na mshale. Mgeni angepita bila kuyajali. Wao walijua kwamba palikuwapo mtu wa Mammoth aliyeitwa Pete Hanson. Kama Pete aliwahi kusimama hapo, basi alikuja kutoka upande wa pili. Waliporudi tarehe 9 walitembea ndani ya maji, kiongozi wao John Wilcox akaona mbele yake chuma cha kushikia cha njia ya watalii. Walikuwa wameingia Mammoth. Pango lile likawa na zaidi ya kilomita 230 siku hiyo, na leo limepita kilomita 680, refu kuliko yote yanayojulikana duniani.

Baadaye ndoa ya Crowther ilivunjika. Akiwakumbuka mabinti zake, aliandika kwa Fortran mchezo wa maneno matupu, bila picha hata moja, ambamo unaamrisha kwa neno moja au mawili na kompyuta inakujibu umefika wapi. Pango la mchezo huo alilitoa kwenye ramani za pango halisi alilolijua kule Kentucky. Mwaka 1977 Don Woods wa Stanford aliupanua, ukaenea kwenye mtandao ule ule Crowther aliousaidia kujenga. Ndio mchezo wa Adventure, mama wa michezo yote ya kusafiri kwenye kompyuta.

Mimi nilikuwa nikiisimulia hadithi hii kama ushahidi kwamba kompyuta na pango ni ndugu. Sikuona kwamba kilichowafungulia njia mwaka 1972 kilikuwa jina la mtu ukutani, na watu waliokuwa wamesikia habari zake. Mtanisamehe. Nimelielewa hilo baada ya kupigwa na jiwe langu mwenyewe.

Sasa turudi Suswa. Siku hiyo tulipima njia inayozunguka: unaingia kwa mlango mmoja, unapita bomba, unatokea mlango wa pili, kisha unapima juu ya ardhi mpaka ulipoanzia. Mzunguko kama huu ni zawadi, kwa sababu unakuonyesha makosa yako. Ukijumlisha vipande vyote unapaswa kurudi pale pale ulipoanza. Usiporudi, kuna mahali umekosea.

Dada yetu wa jiolojia ndiye aliyekuwa akisoma dira. Mimi nilikuwa mwandishi. Kwa desturi, kila kipande husomwa mara mbili, mbele na nyuma. Ukisoma kutoka kituo cha kwanza kwenda cha pili ukapata 60, basi kutoka cha pili kwenda cha kwanza lazima upate 240, tofauti ya 180. Yeye mwenyewe ndiye aliyetusisitizia. Alisema jiwe la volkano lina chembe za sumaku na linaweza kuivuta dira, na njia ya kulikamata ni kusoma pande zote mbili. Lakini jua lilikuwa limeanza kushuka, Mzee alikuwa anahesabu dakika kule mlangoni, na mimi nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua, "Tusome mbele tu. Programu itarekebisha."

Kumbukeni maneno hayo.

Usiku ule nikaingiza namba. Vipande 26, jumla mita 312. Nikabofya. Mwisho wa mzunguko ukaangukia mita 9.5 kusini na mita 3.4 mashariki ya mahali ulipopaswa kuwa. Kwa mstari mnyoofu hiyo ni mita 10, zaidi ya asilimia 3 ya njia nzima. Kwa utepe na dira, mtu mwangalifu hutarajia asilimia 1 au pungufu.

Programu yangu ilikuwa na dawa, nami nilijivunia dawa hiyo. Ilichukua zile mita 10 ikazigawanya kwa vipande vyote 26, kila kimoja kikasukumwa kidogo, mpaka ncha zikakutana. Programu nyingi za ramani za mapango husambaza kosa kwa njia kama hiyo, na ni halali kabisa iwapo makosa ni madogo na yametapakaa. Ramani ikatoka nzuri ajabu. Nikaipaka rangi. Nikaichapisha kwenye karatasi kubwa nikaipeleka kwa wenzangu.

Mzee aliivaa miwani akaitazama kwa muda mrefu. Akauliza, "Hii ni ya kutumiwa na nani, mwanangu?"

Nikamwambia, na yeyote atakayeingia baada yetu.

"Hata yule ambaye taa yake inazimika?"

Nikacheka, nikasema ndiyo. Kisha, kwa kuwa mwalimu wa hisabati aliuliza kosa lilikuwa mita ngapi kabla ya kurekebishwa, ikabidi niseme. Wote wakakunja nyuso. Na mimi, badala ya kusema sijui, nikafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa kwenye matatu nafumba macho. Nikasema mbele ya wote kwamba ni dira. Kwamba dada yetu huvaa saa ya chuma, na chuma karibu na dira ni balaa, na kwamba mtu anayesomea mawe angepaswa kujua.

Hakubishana. Alisema, "Sawa kaka." Safari iliyofuata hakuja. Ile ya baadaye pia hakuja. Alituma ujumbe kwamba ana mitihani. Tukaendelea na porojo zetu za viatu na betri, lakini kuna kiti kilikuwa wazi na kila mtu alikuwa akikizunguka kwa maneno.

Ni katika safari ile ya pili bila yeye ndipo mambo yakageuka. Tulisimama Mai Mahiu kunywa chai. Mvua ilikuwa inanyesha, hatukuwa na haraka. Fundi wa simu alikuwa akilalamika juu ya wateja wanaokosea kutaja namba zao wenyewe, na Mzee akacheka hadi akaweka kikombe chini.

"Nyinyi mna bahati," akasema. "Namba mnaiona kwenye kioo. Sisi ilikuwa ni sikio tu. Mtu yuko mbali huko, waya unalia kama nyuki, anakwambia sita. Au ni tisa? Sita, tisa, ni herufi zile zile zimegeuzwa. Anakwambia sitini. Au tisini? Ukikosea umemwamsha mtu mwingine usiku wa manane na matusi utakula wewe. Mimi nilikuwa siitumii kabisa tisa. Nilikuwa nikisema kenda, kama nyanya yangu. Kenda haina pacha."

Dereva, ambaye ni Mkamba, akasema, "Hata kwetu ni kenda."

Mwalimu akasema kwa Kikuyu pia ni kenda. Daktari akasema na Mijikenda je, si ni miji kenda, makaya tisa? Wakaanza kushangaa pamoja kwamba neno hilo limelala kwenye vinywa vya nusu ya meza na hakuna anayelitumia kwa Kiswahili chake, kwa sababu shuleni tulifundishwa tisa.

Mimi sikuwa nashangaa nao. Nilikuwa nimeshika andazi hewani. Sikioni mwangu nilikuwa nasikia sauti ya dada yetu ikija kutoka mwisho wa bomba, mita kumi na kitu gizani, ikigonga ukuta na kurudi, na mimi nimepiga goti na daftari, na jasho linaingia machoni. Alisema nini? Kweli alisema nini?

Nilifika nyumbani usiku, sikubadilisha hata nguo. Nikapitia daftari nikitafuta kila kipande chenye 60 au 90 kwenye dira. Vilikuwa vitatu. Kimoja kilikuwa na urefu wa mita 18, nyuzi 90, tambarare. Fuateni hesabu hii, ni fupi. Mita 18 kwa nyuzi 90 zinakupeleka mashariki mita 18, kaskazini sifuri. Mita 18 kwa nyuzi 60 zinakupeleka mashariki mita 15.6, kaskazini mita 9. Tofauti ni mita 9 za kaskazini zilizopotea na mita 2.4 za mashariki zilizozidi. Na mzunguko wangu ulikuwa umeangukia kusini mita 9.5 na mashariki mita 3.4.

Nikabadilisha tarakimu moja. Pengo likashuka kutoka mita 10 hadi mita 1.1. Chini ya asilimia nusu.

Nilikaa mbele ya kile kioo kama mtu aliyepigwa kofi. Dira ilikuwa sawa. Msomaji wa dira alikuwa sawa. Jiwe lenyewe halikuwa na neno. Kosa lilikuwa kati ya sikio langu na kalamu yangu. Na lingenaswa pale pale tulipokuwa, kama ningekubali asome na nyuma. Angetamka mia mbili arobaini, nami ningeona kwamba 90 na 240 haziachani kwa 180. Mimi ndiye niliyekataa.

Baya zaidi ni programu. Ilipokutana na kosa langu haikulalamika. Ilichukua uongo mmoja mkubwa ikaupasua kuwa uongo mdogo ishirini na sita, ikatandaza kila mahali hadi usionekane. Vipande ishirini na tano vilivyopimwa vizuri vilisogezwa kutoka mahali pake pa kweli ili kimoja kibovu kisione haya. Ndugu zangu tunaoandika programu, mara ngapi tumefanya hivi kazini? Namba haikubaliani na nyingine, tunaandika mistari miwili ya kuisawazisha, ripoti inapendeza, bosi anafurahi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Suswa na mwalimu peke yetu, na mwenyeji wetu wa siku zote. Tukapima kile kipande, mbele na nyuma. Sitini. Mia mbili arobaini.

Kisha nikampigia simu dada yetu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yenye maelezo ya mwangwi na uchovu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Kwa hiyo uliniandika tisini?"

Nikasema ndiyo.

"Na ile saa, kaka. Siku ile sikuwa nimeivaa. Betri yake ilikuwa imekwisha wiki moja kabla. Ungeangalia tu mkono wangu."

Sikuwa na la kujibu. Nilimwomba radhi, na nikamwambia nitaomba tena mbele ya wote, kwa kuwa mbele ya wote ndipo nilipomkosea. Akasema atafikiria kuhusu kuja. Hakusema amenisamehe, wala sikumdai aseme.

Alikuja mwezi uliofuata. Mlangoni mwa pango, kabla ya chai, nilisimama nikaeleza kila kitu, pamoja na ile sentensi ya "programu itarekebisha". Mzee alinyamaza hadi nilipomaliza, kisha akasema, "Haya, sasa tugawe kazi." Dada yetu akanyoosha mkono akachukua daftari na kalamu kutoka kwangu. Alisema kuanzia leo yeye ataandika, na mimi nitasoma dira, na nitasoma pande zote mbili hata jua litue.

Tangu hapo tuna taratibu mpya, na zote zilizaliwa pale kwenye chai. Namba hutamkwa tarakimu moja moja: si mia moja thelathini, ni moja, tatu, sifuri, maana thelathini na themanini nazo ni ndugu wa karibu mno gizani. Mwandishi hurudia kwa sauti kabla ya kuandika, na msomaji hajibu "sawa" mpaka amesikia. Na tisa hatuisemi kabisa chini ya ardhi. Tunasema kenda.

Programu nayo nimeibadilisha. Sasa mzunguko ukikosa kufunga kwa zaidi ya asilimia 1, inakataa kuchora. Badala yake inaorodhesha vipande ambavyo, kama sita ingekuwa kenda au tatu ingekuwa nane, pengo lingepungua. Haibadilishi chochote. Inauliza tu, na jibu lazima litoke kwa watu waliokuwa pale. Ile ramani nzuri ya rangi nimeichana, isipokuwa nakala moja ambayo Mzee alikataa kuirudisha. Anasema anaifungia mahamri.

Ukiniuliza leo natafuta nini pangoni, nitakwambia bila aibu: nafuata porojo. Ile nusu saa ya viatu, betri na nyanya ya mtu ilikuwa na jibu ambalo mistari mia nne ya msimbo haikuwa nalo. Na nusura nisiisikie, kwa sababu siku ile nilikuwa nataka tunywe chai upesi tuondoke.

Jumamosi hii tunarudi. Kuna bomba la kando ambalo hatujalipima, na dereva ana viatu vipya anavyotaka kuvitetea. Nitawaletea habari, nikitoka. Mzee anazo saa zetu.